Bangi inaua staph, sawa, ila swali ni inaua ikiwa wapi

Kuna zile meseji mnazijua, "wanasayansi wathibitisha bangi yaua bakteria sugu kuliko antibayotiki", na kila ikizunguka lazima kuna mtu atanitumia akiniuliza, we si unafanya kazi maabara, hebu tuambie ukweli. Sasa leo naandika mara moja, ikija tena niwe natuma linki tu nilale. Na jibu naliweka juu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo: ni kweli, inaua. Inaua hadi wale sugu. Ila inawaua kwenye kisahani cha maabara, na ukiweka damu kidogo kwenye hicho kisahani mambo yanabadilika, na mwili wa mtu una damu nyingi kweli. Mwenye muda tuendelee.

Kwanza tujue tunaongelea wadudu gani. Maambukizi mengi ya ngozi ya bakteria yanaletwa na wawili, Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes. Staph ndo bwana majipu, yale ya kwapani, makalioni, shingoni, kwenye kope. Strep yeye anapenda kusambaa, ngozi inakuwa nyekundu, ya moto, inavimba bila kukusanya usaha sehemu moja, na akiamua kuwa mkali anaweza kula nyama ya ndani kwa masaa. Wote wawili wanaleta impetigo, yale madonda ya watoto puani na mdomoni yenye magamba ya njano, na hii wala si kitu kidogo, makadirio yaliyotoka 2015 yanasema muda wowote ule ukisimama ukahesabu kuna watoto kama milioni 162 duniani wenye nayo. Strep akikaa kwenye ngozi ya mtoto anaweza kuacha figo zimeumia baadae, kwa hiyo wale wanaosema "ni vidonda tu vitapona" wapunguze sauti.

Staph tunaishi nae. Karibu watu 3 kati ya 10 wanae puani saa hii na hawana habari, hawaumwi, hawawashwi. Anasubiri tu mkwaruzo, kinyweleo kilichonyolewa vibaya, ukurutu uliokunwa. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji kule Aberdeen, Uskoti, ndo aliyemuona vizuri mwaka 1880 baada ya kuchukua usaha wa jipu na kuuweka chini ya darubini, akakuta viduara vimejikusanya mafungu mafungu. Mimi mpaka leo nikipaka usaha kwenye kioo nikaweka rangi ya Gram nikaona vile viduara vya zambarau naona ni kazi ileile ya Ogston, kilichobadilika ni kwamba sasa tunamuuliza na swali la pili, je huyu anasikia dawa gani.

Na hapo ndo balaa lilipo. Penisilini ilipoingia mitaani miaka ya 1940 haikuchukua muda staph akaanza kutoa kimeng'enya cha kuivunja. Ikatengenezwa methisilini isiyovunjwa na kile kimeng'enya, ikatoka 1959, na ilipofika 1961 tu Uingereza wakawa wameshapata staph asiyeijali. Huyo ndo MRSA. Hakuhangaika hata kuivunja dawa, yeye alibadilisha ile sehemu ambayo dawa inashika, dawa ikija haina pa kushika. Miaka ya 1990 akaanza kuonekana kwa watu ambao hawajalazwa popote, wachezaji, askari, wafungwa, watoto wenye afya kabisa, na alikuja na majipu makubwa ambayo watu walidhani wameumwa na buibui. Hesabu ya dunia ya mwaka 2019 inasema usugu wa MRSA peke yake uliua zaidi ya watu 100,000. Kwa hiyo mtu akisema kuna mmea unamuua MRSA, lazima tusikilize, sio kucheka, na mimi wale wasomi wanaocheka tu kabla hawajasoma huwa wananikera sawasawa na wale wa meseji.

Sasa stori ya bangi na bakteria sio ya jana. Miaka ya 1950 pale Olomouc, Chekoslovakia ya wakati huo, kulikuwa na kundi la chuo kikuu, akina Krejčí, Kabelík na Šantavý, walikuwa wanatafuta mimea yenye nguvu ya kuua bakteria, na bangi ikatokea kuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri. Wakaenda mbali, wakatengeneza dawa za kupaka zikajaribiwa kwenye madonda. Kumbuka wakati huo muundo wa THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, ulikuwa hata haujulikani, hiyo ilikuja 1964 na kazi ya Gaoni na Mechoulam. Yaani watu walijua inaua bakteria kabla ya kujua vizuri ni kitu gani ndani yake kinachomlevya mtu.

Halafu inakuja 1976, na huu ndo utafiti ambao ningependa kila anayetuma zile meseji ausome, ni mfupi na una majibu yote. Wadachi wawili, van Klingeren na ten Ham, walichukua THC safi na CBD safi, kemikali nyingine ya bangi, wakawawekea staph na strep kwenye supu ya kuoteshea. Mikrogramu 1 mpaka 5 kwa mililita ikatosha kuwazuia na hata kuwaua. Hicho ni kiwango kizuri, hata antibayotiki zenye jina zinacheza humohumo. Bakteria wa upande wa Gramu hasi, wale wasioshika ile rangi ya zambarau, akina E. koli, hawakuguswa. Safi. Halafu wakafanya kitu cha busara sana, wakarudia jaribio lilelile ila wakachanganya seramu ya farasi asilimia 4. Nne tu! Sasa ikahitajika mikrogramu 50. Ile nguvu yote ikapotea mara kumi na zaidi kwa sababu ya kidogo cha majimaji ya damu.

Kwanini? Kwa sababu hivi vitu vya bangi ni vya mafuta. Vinachukia maji, vikiingia kwenye damu vinakimbilia kung'ang'ania protini, albumini na wenzake, na CBD zaidi ya asilimia 90 inakuwa imeshikwa. Iliyoshikwa haiui bakteria. Ni kama umemtuma mtu haraka halafu kila hatua mbili anakutana na anayemdai, atafika lini? Na damu ya mtu haina seramu asilimia 4, nusu yake na zaidi ndo hayo majimaji yenyewe. Usaha nao ni huohuo, umejaa protini, mafuta, chembe zilizokufa. Kwa hiyo dawa ambayo inaogopa protini ukiipeleka kwenye jipu umeipeleka kwa adui yake.

Twende na hesabu kidogo, msikimbie. Tuseme unataka kutibu ngozi kwa kuvuta au kumeza. Mtu akivuta, THC kwenye damu inapanda ikafika kilele cha kama nanogramu 100 mpaka 200 kwa mililita, tena kwa dakika chache tu halafu inaporomoka kwa kasi. Bakteria kwenye kisahani alihitaji angalau mikrogramu 1, yaani nanogramu 1,000, tena bila damu. Kwa CBD ya kumeza kuna utafiti wa 2018 ambapo watu wazima wenye afya walipewa mpaka miligramu 6,000 kwa mara moja, ambayo ni dozi ya kutisha, na kilele chake kwenye damu kikaishia chini ya mikrogramu 1 kwa mililita. Na hiyo ni yote kwa pamoja, iliyoshikwa na isiyoshikwa. Yaani huwezi kuvuta ukafika hapo, huwezi kunywa mafuta ukafika hapo, hesabu imekataa. Mtu akikwambia alivuta jipu likapona, jipu lilikuwa linapona.

Na hii ya "lilikuwa linapona" nataka nikae nayo maana ndo mzizi wa ushuhuda wote wa mtandaoni. Jipu lina ukuta. Ndani hakuna mishipa ya damu, kuna asidi, bakteria wamelala hawagawanyiki, dawa yoyote inafika kwa shida. Ndo maana tiba yake ya kwanza tangu zamani ni kulipasua na kuutoa usaha, na mpasuaji sio wewe na wembe. Mwaka 2016 Marekani walifanya jaribio kubwa kwenye vitengo vya dharura, wagonjwa zaidi ya elfu moja wenye majipu, wote wakapasuliwa, nusu wakapewa kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Septrin, na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Wenye dawa walipona asilimia 80.5. Wasio na dawa je? 73.6. Mwaka uliofuata likafanyika lingine la majipu madogo ya sentimita 5 kushuka chini, wakajaribu klindamaisini, kotrimoksazoli na kidonge kitupu, klindamaisini ikaleta 83.1, kotrimoksazoli 81.7, kitupu 68.9. Kwa hiyo antibayotiki inasaidia kweli, na hasa inapunguza kurudi kwa majipu, ila tazama ile namba ya vidonge vitupu. Watu karibu 7 kati ya 10 walipona kwa kupasuliwa na kusafishwa. Sasa kwenye hao 7 kila mmoja angekuwa amepaka kitu chake, mwingine majani ya bangi, mwingine kitunguu, mwingine dawa ya meno, ungekuwa na shuhuda saba za moto, na hakuna anayedanganya! Kila mmoja angeapa na angekuwa anasema alichokiona. Ndo maana jaribio linahitaji kundi la pili la kulinganisha, vinginevyo unasifia kitu kilichokuwepo tu wakati mwili unafanya kazi yake.

Haya, turudi kwenye mmea. Baada ya 1976 kukawa kimya kirefu, sheria zilikuwa kali na antibayotiki zilikuwa bado nyingi, hakuna aliyeona haja. Ikaja 2008, Giovanni Appendino wa Italia pamoja na Simon Gibbons na wenzao wa London wakachukua kemikali tano kubwa za bangi, THC, CBD, CBG, CBC na CBN, wakazijaribu kwa aina mbalimbali za staph sugu. Zote tano zikafanya kazi vizuri sana. Kilichowashangaza ni kwamba ule usugu wa staph kwa dawa nyingine haukumsaidia chochote, maana yake bangi inampiga kwa njia tofauti. Kumbuka pia CBD na CBG hazilevyi. Hapa ndo wengine huwa hawataki kusikia, maana walitaka sababu ya kuvuta na sayansi imewaletea kemikali isiyolevya, poleni.

Mwaka 2020 kundi la Eric Brown pale Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, likajaribu kemikali 18 za bangi zinazouzwa kwa ajili ya maabara, na CBG ikang'ara. Inaharibu utando wa ndani wa bakteria. Wakaipeleka kwa panya wenye maambukizi ya MRSA mwilini na ikafanya kazi, sio mchezo. Wakagundua pia kwamba wale Gramu hasi wanaponea kwa sababu ya utando wao wa nje, ukiutoboa ule utando kwa kiasi kidogo cha antibayotiki iitwayo polimiksini B, CBG inaingia na kuua nao vilevile. Mwaka huohuo Denmark wakaonyesha CBD inaipa nguvu basitrasini, dawa ya zamani ya kupaka, zikiwa pamoja kiwango kidogo kinatosha.

Halafu 2021 ikaja kazi ya Mark Blaskovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kwangu hii ndo kubwa kuliko zote. CBD ikaua staph sugu, ikaua strep wa nimonia, ikaua hata bakteria wa kisonono ambaye ni Gramu hasi na ndo kichwa kinachouma dunia nzima kwa sasa. Ikapenya kwenye ule utando mnato ambao bakteria wanajifungia wakikaa kwenye kidonda au kwenye chuma cha mfupa, antibayotiki nyingi hapo zinashindwa. Wakawaotesha staph siku 20 mfululizo na CBD wakingoja awe sugu, hakuwa sugu kwa maana yoyote ya kujali, wakati daptomaisini, dawa ya hospitali ya nguvu kabisa, ilimfundisha usugu mzuri tu kwa siku zilezile. Wakipaka kwenye ngozi ya panya inafanya kazi. Ila wakiipeleka ndani ya mwili, hapo ikasuasua, na sababu mnaijua tayari tangu Wadachi na farasi wao.

Kwa hiyo mpaka hapa picha ni: juu ya ngozi pana matumaini, ndani ya damu ya mtu bado hapana, ile CBG imefanya kazi kwa panya tu. Ningeweza kuishia hapo ila kuna upande mwingine ambao zile meseji haziugusi kabisa.

Bangi haiongei na bakteria tu, inaongea na wewe. Seli zetu za kinga zina vipokezi vyake, CB2, viligunduliwa 1993, vimejaa kwenye chembe nyeupe za damu, na kwa ujumla THC ikigusa pale inatuliza kinga. Inapunguza mwako, inapunguza zile ishara za kuita wenzao waje. Kwa mtu ambaye shida yake ni mwako uliozidi hiyo ni faraja, kwa mtu ambaye shida yake ni bakteria hiyo ni kumfungia askari ndani. Na hapa kuna utafiti mmoja wa 1997 kutoka chuo kikuu cha UCLA, Marekani, ambao mi huwa nautaja hadi wenzangu wamechoka. Walichukua seli za ulinzi kutoka kwenye mapafu ya watu wasiovuta kitu, wavuta sigara, wavuta bangi na wavuta kokeini, wakazipa kazi ya kumla na kumuua bakteria. Unajua bakteria gani? Staphylococcus aureus, huyuhuyu. Seli za wavuta bangi zikashindwa kummeza vizuri, na kumuua ndo zikashindwa zaidi. Sasa ona hii: kitu kilekile ambacho kwenye kisahani kinamuua staph, kwa mtu anayekivuta kinazinyima seli zake nguvu ya kumuua staph. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ukichukua nusu moja unapata kichwa cha habari cha kusifia, ukichukua nusu nyingine unapata cha kutisha, na watu wanapigana kwenye komenti kumbe kila mmoja ameshika kipande.

Mapafu sio ngozi, najua, na moshi unafika mapafuni kwa wingi kuliko kwenye kidole cha mguu. Simwambii mtu kwamba bangi imemletea majipu. Nachosema ni kwamba anayevuta ili kutibu maambukizi anaweka dawa pungufu kwenye damu na kutuliza kinga kwa pamoja, na la tatu, ambalo sio la maabara, anapunguza maumivu. Maumivu ya jipu au ya ngozi inayovimba ndo yanamtoa mtu kitandani kwenda hospitali. Ukiyazima unaendelea kukaa.

Kuhusu kupaka majani yaliyotwangwa kwenye kidonda kilicho wazi, hapo sina subira. Jani mbichi sio CBD safi, kiasi chake hukijui, na lina wadudu wake. Mwaka 1981 kule Marekani ulilipuka ugonjwa wa tumbo wa salmonela katika majimbo kadhaa, chanzo kikatafutwa kwenye chakula wee, kumbe ni bangi yenyewe ilikuwa imechafuka. Bangi iliyohifadhiwa kwenye unyevu inaota fangasi wa Aspergillus, na mtu mwenye kinga ndogo huyo fangasi anamuweza. Mafuta ya CBD ya kununua mtandaoni nayo ni bahati nasibu, 2017 walipima bidhaa 84, zilizosema ukweli kwenye lebo hazikufika theluthi moja, na kwenye 18 kati ya zote 84 wakakuta THC. Kwa hiyo unaweza ukapaka au ukanywa kitu kisicho na CBD ya kutosha ila kina THC ya kukutosha kufeli kipimo cha kazini.

Na wenye ukurutu, maana mnaniandikiaga sana. Ngozi ya ukurutu iliyochachamaa staph anapatikana kwa karibu watu 7 kati ya 10, na yeye ndo anazidisha moto, kwa hiyo wazo la kitu kimoja kinachotuliza mwako na kuua staph hapohapo juu ya ngozi linavutia sana, na mimi linanivutia. Chunusi pia, watafiti wa Debrecen, Hungary, walionyesha 2014 kwamba CBD inapunguza mafuta yanayotolewa na seli za vitezi vya ngozi. Nzuri sana kwenye seli. Halafu kampuni ya Australia ikaipeleka kwa wagonjwa halisi wa chunusi, majibu yakatoka 2019, waliopaka CBD walipata nafuu nzuri na waliopaka ile dawa isiyo na CBD nao wakapata nafuu nzuri, tofauti ikakosekana. Ndo zile asilimia 70 za majipu zimerudi kwa mlango mwingine.

Sasa kabla sijaondoka, haya ya ngozi hayangoji mjadala wa bangi wala wa kitu kingine. Wekundu unaosambaa ukiutazama asubuhi na jioni sio uleule, chora mstari kwa kalamu kwenye ukingo wake uone kama unavuka. Homa na kutetemeka. Mistari myekundu inayopanda juu. Maumivu makali kupita kiasi wakati juu ngozi inaonekana ya kawaida, hiyo ndo dalili ya yule anayekula nyama na hapo unahesabu masaa. Ngozi kugeuka zambarau au nyeusi. Jipu kati ya pua na mdomo wa juu, usilibonyeze jamani, mishipa ya pale ina njia ya kwenda ndani ya kichwa. Mwenye kisukari, mtoto mchanga, mwenye dawa za kushusha kinga, hao waende mapema tu hata kama linaonekana dogo. Na ukienda sema kama unatumia bangi au CBD, usione aibu, CBD inagusana na dawa nyingine kwenye ini, dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini inaweza kupanda, na rifampisini, ile dawa ya TB, inashusha kiwango cha CBD na THC. Daktari anayekujibu vibaya kwa kusema ukweli ni shida yake, ila akikupa dozi bila kujua ni shida yako.

Mimi matumaini yangu yote yako puani. Nacheka ila niko siriasi. Watu wanaojiandaa kwa upasuaji mara nyingi wanapakwa mupirosini, antibayotiki ya kupaka, puani kumuondoa staph kabla ya kisu, na staph wasiosikia mupirosini wameshaonekana. Pua ni sehemu ya juu, haina damu nyingi ya kuikamata CBD, unaweza kuweka kiwango kikubwa mara elfu kuliko kile cha damuni, na usugu unakuja kwa shida. Ni kazi ndogo, ya siku chache, inayopimika kwa kijiti cha pamba: unapaka, unafuta, unaotesha, unaona yupo au hayupo. Waaustralia walishaijaribu kwa watu. Siku likifanyika jaribio kubwa la CBD dhidi ya mupirosini dhidi ya mafuta matupu, kwenye pua za watu wanaosubiri kubadilishiwa goti, hiyo ndo nitumieni, nitaisoma usiku huohuo.